Mgomba Hauruki

Miezi niliyokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, mama alinipeleka Tukuyu mjini kwa baba mdogo. Alisema hataki kuniona nimejikunyata jikoni naota moto kutwa nzima, kila baada ya muda nauliza kama matokeo yametoka. Baba mdogo alikuwa na duka la spea za redio karibu na stendi: betri, tochi, nyaya, antena, na simu za batani zilizopangwa kwenye kioo. Nilidhani nitauza betri. Siku ya kwanza tu, aliporudi kutoka swala ya adhuhuri, alinipitisha nyuma ya duka, akafungua mlango wa mbao na kusema, "Huku ndiko kwako."

Kilikuwa chumba kirefu ambacho zamani kiliwekewa magunia ya maharage, na harufu ya maharage ilikuwa haijatoka. Ndani mlikuwa na televisheni mbili za mgongo, kila moja juu ya meza yake, mashine za gemu zimefungwa kwa mnyororo kwenye miguu ya meza, na mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na suruali za watu. Vijana walikuwa wamebanana humo, makoti yao yanafuka mvuke kwa sababu wametoka kunyeshewa. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Wote walikuwa wakimpigia kelele mwanamke mmoja mwenye gauni jekundu aliyekuwa anampiga mateke jamaa mnene kwenye skrini.

Kazi yangu ilikuwa kupanga zamu, kufuta padi za kuchezea kwa kitambaa kabla ya kumkabidhi mwingine, na kuangalia watu wasije wakapigana wao wenyewe. Baadaye nikaongeza kazi ya chai. Asubuhi za ukungu vijana walikuja vidole vimekufa ganzi, mtu anabonyeza batani moja zinashuka mbili. Nikaweka birika la chai ya maziwa kwenye jiko la mkaa pale mlangoni. Walikuwa wanashika vikombe kwa viganja vyote viwili, wanavizungushazungusha, ndipo wanywe. Hadi leo nikiona mtu anashika kikombe namna hiyo, hata akiwa mgeni kabisa, nahisi namjua.

Asubuhi ambazo hapakuwa na watu nilicheza peke yangu. Haikupita muda mrefu wakaanza kunipa zamu kama mwenzao, tena wengine wakinikwepa.

Gemu iliyopendwa ilikuwa ya mapigano. Diski yenyewe ilikuwa ya kunakiliwa, baba mdogo aliipata Tunduma, na maandishi yote yalikuwa ya Kichina au Kijapani, hakuna aliyejua ni ipi. Kwa hiyo hatukujua wapiganaji wanaitwa nani, wala mapigo yao yanaitwaje. Majina tuliwapa wenyewe. Yule mwanamke wa gauni jekundu alikuwa Shangazi, kwa vile alisimama mkono kiunoni kama aliyekuja kuuliza mahari imefikia wapi. Jamaa mnene alikuwa Mzee Kitambi. Kulikuwa na mmoja aliyeinua mikono yote miwili juu kabla ya kupiga, huyo tukamwita Mlokole, na walokole wenyewe waliokuja kucheza ndio waliompenda kuliko wote.

Mapigo nayo yalikuwa na majina. Ngumi za harakaharaka zilikuwa kupukuchua, kama mtu anavyopukuchua mahindi. Kumkaba mtu shingo na kumminya mara nyingi kulikuwa kukamua. Teke la chini linalozunguka lilikuwa kufagia ua. Mlokole alikuwa na moto wa mdomoni, huo ulikuwa chai ya moto. Mgeni akiingia mara ya kwanza akasikia watu wanapiga kelele, "Pukuchua, pukuchua, sasa fagia ua!" angedhani amepotea njia kaingia kwenye nyumba yenye msiba ambako wanawake wanagawana kazi.

Mtoa majina mkuu alikuwa bodaboda mmoja wa Kyimo, nje ya mji. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na alivaa koti la mvua hata ndani ya nyumba. Akishusha abiria stendi alikuwa anaingia kwetu kupasha vidole, na kupasha huko kulichukua nusu siku. Karibu kila jina lilitoka kwake. Aliyekuwa akimpinga ni kinyozi wa chumba cha jirani, kijana wa mjini aliyejipulizia manukato, mwenye simu kubwa ya kuteleza, ya kugusa kioo, wakati ambao wengi wetu tulikuwa na za batani. Kinyozi aliona ni aibu gemu ya kisasa kuwa na majina ya shambani. Lakini naye aliyatumia, maana hakukuwa na mengine.

Wa tatu ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa kijana wa Lupepo. Siku za soko alileta maparachichi ya kwao mjini, akimaliza kuuza anaingia kwetu, anakaa mwisho wa benchi. Alikuwa kiziwi. Alisoma miaka michache katika shule ya viziwi mbali na wilaya yetu, kisha akarudi nyumbani kusaidia shamba. Mara ya kwanza alipokuja niliogopa nisijue namna ya kumhudumia. Alinionyesha televisheni, akanionyesha saa ya ukutani, akakata hewa kwa kiganja katikati ya saa: nusu saa. Tukaelewana.

Alicheza vizuri sana. Alipokuwa anacheza, padi aliiweka mapajani akaishika kwa mkono mmoja ilipowezekana, na kiganja cha mkono mwingine alikigusisha meza ya televisheni kila alipopata nafasi. Nilimwangalia siku nyingi kabla sijatambua kwamba anasikiliza. Spika ya televisheni ilikuwa inatetemesha mbao, na kila pigo zito lilimfikia mkononi.

Sasa nieleze ugomvi ulivyoanza.

Bodaboda alikuwa na pigo moja la Mzee Kitambi alilolipenda. Mzee Kitambi anamkumbatia mwenzake, anaegemea nyuma polepole, halafu wanaanguka wote wawili, yeye juu. Hilo aliliita mgomba. Wenzake wa Kyimo nao wakaliita hivyo. Lakini vijana wa mjini, kinyozi akiwa kiongozi wao, walikuwa na mgomba mwingine. Wao walimaanisha lile pigo la Shangazi anaporuka juu hadi anatoka nje ya skrini, kisha anashuka kwa goti juu ya kichwa cha mtu. Kwa kuwa kila kundi lilikaa na wenzake, hakuna aliyegundua kwamba tunatumia jina moja kwa mambo mawili. Huyu anasema mgomba, yule anaitikia, kila mtu anaona picha yake.

Jumamosi moja wakaja vijana wa Suma. Huko kulikuwa na mahali pengine pa gemu, na walikuwa na bingwa wao, mtu mfupi, mpole, anayetafuna muwa tangu anaingia hadi anatoka. Walitaka tushindane. Tukamtoa bodaboda, akamchukua Shangazi, maana mwisho wa siku yeye ndiye aliyekuwa na mapigo mengi. Mchezo ukabana. Imebaki pumzi moja kwa kila upande, bingwa wa Suma amejikunja kwenye kona, na kinyozi ameona nafasi. Akaruka juu ya benchi.

"Mgomba! Piga mgomba! Mgomba, bwana!"

Pale pale bodaboda akabonyeza kukumbatia, kama alivyozoea kwa Mzee Kitambi. Shangazi akanyoosha mikono kumkumbatia mtu aliyekuwa mbali naye, akakumbatia hewa, na bingwa wa Suma akamfagia ua. Mchezo ukaisha. Bingwa akatema kapi la muwa kwenye kiganja chake, akatafuta pa kulitupa, na kuniuliza kwa adabu kabisa, "Dada, kwani nyie mgomba wenu ni upi?"

Wenzake walicheka hadi nje.

Walipoondoka, bodaboda alimgeukia kinyozi. "Umeniuza."

"Mimi nimekuuza? Nimekwambia mgomba, wewe unakumbatia upepo!"

"Kukumbatia ndio mgomba!"

"Tangu lini?"

Nilifikiri ni utani. Haukuwa utani. Bodaboda alichukua kofia yake ya pikipiki akatoka, na watu wa Kyimo wakatoka naye. Wiki nzima iliyofuata walikuja wakacheza kwenye televisheni ya kushoto tu, wa mjini ya kulia, na katikati nikiwa mimi na birika. Hawakupeana padi. Hata salamu walipitishia kwangu. Chumba kilipoa. Baba mdogo, ambaye hakuwahi kushika padi maishani mwake, alihisi baridi hiyo kutoka kwenye duka lake la betri.

Siku umeme ulipokatika alasiri, wote wakiwa wamekwama ndani kwa sababu ya manyunyu, aliingia akavuta kreti tupu la soda akakalia.

"Hiki ni kikao," alisema. "Ajenda ni moja. Mgomba ni nini?"

Bodaboda alisimama, akavua kofia kana kwamba yuko kwenye mkutano wa kijiji. "Ba'mdogo, mimi nimezaliwa migombani. Mgomba ukitaka kuvuna, unaukata nusu, unauegemea, unalala nao polepole mkungu usije ukapondeka. Mzee Kitambi anafanyaje? Anaegemea, analala. Mimi sijabuni kitu. Lakini hawa ndugu zangu wanasema mgomba ni kuruka. Mgomba hauruki! Hapa kuna mtu amewahi kuona mgomba unaruka?"

Watu wa Kyimo walipiga makofi. Kinyozi naye akasimama.

"Ba'mdogo, sisi hatusemi mgomba unaruka. Sisi tunasema mgomba unaanguka. Upepo ukivuma usiku, unalala na mkungu wake, kama chini kuna banda la kuku, kuku wamekwisha. Shangazi anakuangukia hivyo hivyo. Jina linatokana na yule anayeumia."

"Jina linatokana na anayepiga!"

"Kwa hiyo kufagia ua jina linatokana na ufagio?"

Baba mdogo aliinua mkono. Alikuwa anafurahi, nilimwona anavyojitahidi kukunja uso. "Hakuna jina la kweli la hilo pigo? Waliotengeneza hawakuliita kitu?"

Kinyozi alikuwa anasubiri swali hilo. Alitoa simu yake, alikuwa ametafuta mtandaoni, na akasoma jina la Kiingereza refu ambalo hakuna aliyelidaka. Akaombwa afasiri. Akakuna kichwa, akasema maana yake ni kama Ghadhabu ya Malkia wa Barafu Ishukayo Toka Mawinguni.

Kisha mtu wa nyuma kabisa akasema, "Ukimaliza kulitaja, Shangazi ameshazikwa."

Kicheko kilichofuata kilipunguza baridi ya wiki ile, lakini hakikuleta jibu. Walijaribu kuita parachichi, wakasema parachichi ni dogo mno. Walijaribu kuita mvua ya mawe, bodaboda akasema mawe ya mvua hayaji moja tu. Watu wa mjini wakakubali kuacha mgomba endapo wa Kyimo nao wataacha, wa Kyimo wakasema hawawezi kuacha kitu ambacho ni chao kwa kuzaliwa. Baba mdogo akafunga kikao kwa kusema kila mtu aende akafikirie.

Kijana wa Lupepo alikuwepo kikao chote. Aliangalia midomo ya watu, uso unaenda huku na kule kama anayetazama mpira. Walipotawanyika alinigusa kiwiko na kuinua nyusi: kuna nini? Nikamwonyesha bodaboda, nikamwonyesha kinyozi, nikagonganisha ngumi. Akaitikia kwa kichwa kwamba hilo ameliona. Kwa ajili gani? Basi nikasimama, nikajaribu kuwa Shangazi. Nikaruka kidogo pale nilipo, kwa aibu, sketi naishika, nikapiga goti hewani.

Alitabasamu. Akafanya yeye, na akafanya kwa mkono mmoja tu. Ngumi ilipanda polepole hadi juu ya kipaji cha uso, ikatulia, halafu ikashuka kwa ghafla kwenye kiganja cha mkono wa pili. Nililiona pigo lote: kupanda, kutoweka, kushuka. Nikamwonyesha Mzee Kitambi kwa kutanua tumbo. Akakumbatia hewa kwa mkono mmoja na kuulaza mkono huo ubavuni taratibu. Alikuwa nayo yote. Kupukuchua, kukamua, chai ya moto, kila kitu kilikuwa na ishara yake, amekaa mwisho wa benchi miezi hiyo yote anajitajia mwenyewe. Kinyozi alikuwa bado anafunga zipu ya koti lake. Aliona, akajaribu ile ya ngumi mara moja, akatoka.

Vijana wa Suma walirudi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Bodaboda alikaa tena kwenye padi, ingawa kinyozi alikuwa amesema bodaboda akikaa, yeye hatakuja. Alikuja. Alisimama karibu na mlango amekunja mikono. Bingwa wa Suma alikuja na muwa mpya.

Walipoanza tu, mvua ikashuka. Watu wa kwetu wanaijua mvua ya aina hiyo juu ya bati lisilo na dari: huwezi kusikia hata fikra zako. Niliona midomo ya watu inafunguka na mishipa ya shingo inasimama, lakini hakuna neno lililonifikia, na nilikuwa nimesimama nao bega kwa bega. Mapigo ya kwenye televisheni nayo yakawa hayasikiki. Bodaboda, aliyezoea kuchezea kelele za watu nyuma yake, aligeuza kichwa mara mbili kutafuta ushauri na mara zote mbili alipigwa.

Kijana wa Lupepo alinyanyuka kwenye benchi. Kwake hakuna kilichokuwa kimebadilika. Akapita katikati ya watu akasimama pembeni ya televisheni, mahali ambapo bodaboda angemwona bila kugeuka, kiganja kimoja juu ya meza. Hakuangalia skrini. Alimwangalia bingwa wa Suma. Nami nikamwangalia, nikaona alichokiona yeye: kila bingwa alipotaka kufagia ua, aliacha kutafuna.

Taya lilisimama. Kijana wa Lupepo akainua ngumi hadi juu ya kipaji.

Bodaboda hakuwahi kufundishwa ishara hiyo. Hakuhitaji. Shangazi akaruka, ufagio ukapita chini yake, naye akashuka kwa goti. Chumba kizima kiliinuka. Ikawa hivyo hadi mwisho: taya linasimama, mkono unasema, Shangazi anatii. Kufikia mchezo wa mwisho kinyozi alikuwa amesogea toka mlangoni hadi upande wa pili wa televisheni, naye anapunga mikono, anamwonyesha bodaboda ngumi ileile. Tulishinda. Walikumbatiana, bodaboda na kinyozi, wakanyanyua mikono ya kijana wa Lupepo juu kama refa anavyomnyanyua bondia, na sote tulikuwa tunapiga kelele ambazo hazikusikika.

Mvua ilipopungua, Suma walilalamika kwa baba mdogo kwamba tumepewa maelekezo.

"Nyie wakati mnaanza hamkuwa mnapiga kelele?" aliuliza.

"Tulikuwa tunapiga, lakini mvua..."

"Basi. Kila mtu alielekeza kwa alichokuwa nacho."

Bingwa wao hakulalamika. Alimfuata kijana wa Lupepo, akajionyesha taya, akajicheka, akavunja muwa wake vipande viwili na kumpa kimoja.

Tangu siku hiyo mjadala wa majina uliisha bila mtu kuutangaza umeisha. Neno mgomba lilibaki, kila upande na la kwake, ila aliyelitaja alilifuatisha na mkono, na mkono ndio uliosikilizwa. Watu wakaanza kumwuliza kijana wa Lupepo mengine. Chai inaitwaje? Nipishe? Zamu yangu? Umeme umekatika? Nyingine alizileta kutoka shuleni kwake, nyingine alizitunga hapo hapo tukiwa tunamwangalia. Tukikosea alitushika vidole akavipanga upya. Mimi alinisahihisha sana. Kwa mujibu wake nilikuwa na mkono unaonong'ona, na alinionyesha niufungue, nisiogope. Ikafika mahali mtu akiingia chumbani wakati wa mchezo mkali anakuta kimya, na mikono imejaa hewani.

Siku moja ya soko, jua likiwa limetoka kidogo, mwanamke wa makamo alisimama mlangoni. Alikuwa amejitanda kitenge mabegani, miguu ina tope jekundu la njiani, na kapu lake tupu kichwani. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama."

"Malahaba. Ugonile," akaongeza salamu ya Kinyakyusa. Alikuwa anaangalia ndani juu ya bega langu. "Nimeambiwa mwanangu anaingia humu. Yule asiyesikia. Majilani wanasema humu kuna wahuni."

Niliingiwa na hofu, kwa kuwa wazazi wengi walikuja hivyo na kuondoka na mtoto wao wamemshika sikio. Nikamwambia aingie ajionee. Hakuingia. Alibaki pale kizingitini na kushusha kapu.

Mwanawe alikuwa amempa mgongo. Alikuwa anabishana na bodaboda, nadhani kuhusu zamu. Bodaboda alimwambia kwa mikono kwamba siku ya soko iliyopita alicheza pia. Kijana akamjibu kwamba ile haihesabiki, umeme ulikatika. Kinyozi akaingilia kati, kwa mikono, kwamba wote wawili waongo. Mtu mwingine akacheka, akaongeza lake. Ulikuwa ubishi wa kawaida kabisa wa chumba kile, ule ule wa kila siku.

Yule mama aliangalia kwa muda mrefu. Kisha alinishika mkono, mkono wake ukiwa mgumu na wa baridi.

"Hawa wote hawasikii?" aliuliza.

"Wanasikia, mama. Ni yeye tu."

"Wanasikia." Alilirudia neno hilo kama anayelipima uzito. "Sasa mbona wanasema kama yeye?"

Nikasema tumezoeana.

Akaniambia kwamba nyumbani ni yeye na binti yake mdogo tu wanaozungumza na kijana. Baba yake humwita kwa kugonga chini kwa jembe, akigeuka anamwonyesha kazi, basi. Kanisani hukaa pembeni anaangalia miguu ya watu. "Nilifikili ndivyo atakavyozeeka," alisema. Alijifuta macho kwa pindo la kitenge, haraka, akainama kuokota kapu. Nilitaka kumwita mwanawe, akanizuia. "Mwache. Ana watu."

Akashuka kuelekea stendi. Siku ya soko iliyofuata kijana alikuja na chupa kubwa ya maziwa ya mgando na kuiweka mezani kwangu. Akaonyesha kwao, akaonyesha kichwani palipokaa kapu. Mama. Tuliyanywa wote, kwa vikombe vya chai, hata kinyozi aliyesema maziwa ya mgando ni ya watu wa shamba.

Matokeo yangu yalitoka, nikapata nafasi ya kuendelea na masomo, nikaondoka Tukuyu na sanduku la bati na jaketi alilonipa bodaboda. Kila likizo nilipita. Mwanzoni chumba kilikuwa vilevile. Kisha mashine moja ikaharibika ikakosa spea. Kisha simu za kuteleza zikawa mikononi mwa kila mtu, na vijana wakawa wanacheza popote walipokaa, kila mmoja ameinamia cha kwake. Gemu za simu huja na majina yake tayari. Baba mdogo alivumilia televisheni moja kwa muda, zaidi kwa ajili ya wale wachache waliokuja kupiga soga, halafu nayo akamgawia jirani.

Kijana wa Lupepo alijifunza kuchomelea. Ana karakana yake pale mjini, anatengeneza mageti na madirisha, na bodaboda ndiye anayempelekea wateja na kukaa katikati wakati wa kupatana bei, kwani lugha ile ya mikono haikuwahi kumtoka. Alipooa, niliombwa nifike. Kanisa la Lupepo lilikuwa limejaa hadi nje. Mchungaji alisoma maneno ya ahadi, na bodaboda, amevaa suti iliyomfupia mikono, alisimama mbele akayafikisha kwa bwana harusi, neno kwa neno, taratibu, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Kinyozi alikaa kando yangu, ana mvi za kwanza kidevuni. Alisema bodaboda amekosea sehemu moja. Nilimwambia anyamaze.

Mwaka huu nilikuwa Tukuyu kwa msiba wa jirani, na kabla ya kuondoka nikaenda kusukwa. Saluni aliyonielekeza mke wa baba mdogo ndiyo chumba kile. Kimewekwa dari nyeupe na vioo ukuta mzima, na taa za kung'aa. Binti aliyenisuka hakuwa amezaliwa, au alikuwa mchanga sana, wakati ule. Nilikaa kwenye kiti nikijaribu kukisia meza ya kushoto ilikuwa wapi, na benchi lilianzia wapi, nikawa nageuka kila mara. Harufu ya maharage imetoka kabisa. Kuna ya mafuta ya nywele, na ya vitambaa vilivyoloa.

"Mama, inamisha kichwa," yule binti aliniambia, kwa upole, akinishika kidevu. "Nikusuke vizuri."

Nikainamisha kichwa.